Kimondo Kilichopakwa Rangi ya Viatu

Hapa Erfoud, ukingoni mwa jangwa, mawe huanguka kutoka mbinguni mara nyingi kuliko mvua. Mwaka wa ukame ndio balaa. Hata mbuzi wetu walianza kutembea wakitazama juu. Kila mwenye donge la mavi ya chuma kutoka mgodi wa zamani hulifunga kitambaani akampelekea Akka, mnunuzi wa vimondo, na kiapo juu yake kwamba liliangukia mbele ya mkeka wake wa kuswalia. Akka huyatupa uani. Choo chake chote kimejengwa kwa nyota za uongo.

Bassou, mkulima wa tende, alitukuta kwenye chai dukani kwa Akka. Mitende yake ilikuwa inakauka. Asipochimba kisima kiende chini zaidi, itambidi ahame. Jiwe alilokuja kuuza aliliokota kweli, jangwani huko Taouz. Ila kwenye simu za watu alikuwa ameona vimondo vyeusi ti, vinang'aa, na lake lilikuwa limepaushwa na jua. Basi akalipaka rangi ya viatu, akalisugua mpaka likameta kama kiatu cha bwana harusi.

"Limeanguka lini?" Akka akamuuliza.

"Juzi, bwana Akka. Limeunguza kichaka kizima!"

"Kijiwe kama hiki huzimika huko huko juu, mwanangu. Kikitua kimeshapoa." Akalinusa, akalipitishia kidole, akatuonyesha weusi. "Hata mke wangu hajipaki wanja hivi!"

Duka zima likaangua kicheko.

"Lisage kona tu uone ndani, bwana, nakuomba."

"Tupa yangu haisagi viatu."

Akalipiga picha, akawatumia wanunuzi wote mpaka mji wa Zagora: jihadharini na jiwe hili.

Nilimfuata Bassou nje, nikaazima tupa kwa fundi baiskeli, nikasaga kona. Ndani lilikuwa la kijivu, limejaa chembe za chuma zinazometa. Nikarudi nalo mbio. Kobe wawili tu ndio walionipita.

Akka aliligeuza kwenye mwanga. "Ni kimondo," akasema kwa sauti ya chini.

"Basi waandikie wenzako."

"Niandike nimekosea? Kesho nani atasikiliza neno langu? Nani alimtuma aje na uongo?"

"Uongo ni wake. Jiwe lina kosa gani?"

"Waambie wewe, ami Zayd."

Nikawaambia, duka kwa duka. Wakanivutia kiti, wakanimiminia chai, kama kila nikija na hadithi zangu.

"Enhe, ami! Hili ni ndugu wa lile lililomezwa na ngamia wako?"

Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka, wakaniomba niongeze.

Bassou hakungoja. Aliniachia jiwe mkononi bila kuaga, akapanda basi la Casablanca kwenda kubeba saruji.

Baada ya Idi nilikwenda kumjulia hali mkewe, Tuda. Nilimkuta na shoka kwenye shina la mtende uliokauka.

"Karibu, ami," akasema bila kugeuka. "Chukua kuni. Mwaka huu tunazo tele."