Likizo ya Macho

Mwaka 1968 gereza letu la Kasese lilikuwa na askari wanawake wawili tu: mimi Ketura, na Tabisa. Kisha Tabisa akaenda kwao Bwera kuugua. Miezi minane! Barua ya daktari ilisema macho. Nani asiyeumwa macho kwa vumbi la Kasese? Yeye alikaa kwa mama yake akilishwa. Mama yangu mimi alikuwa mahututi kule Mahango, nami nanyimwa likizo kwa kuwa hakuna wa kunishikia zamu. Nilimwonea wivu.

Mwishowe mkuu wetu, afande Opio, akachoka kungoja. "Wewe Ketura, enda Bwera. Angalia kama huyo iko mugonjwa kweli."

Nilimkuta uani anachambua maharage, vidole vinakimbia, amenenepa, mama yake anamsuka.

"Ni nani iko pale?" akauliza, uso umenielekea.

Ati hanijui! Niligeuka bila hata kumsalimu. Nikamwambia afande kwamba ni mzima kabisa.

Tabisa akaitwa kazini. Afande aliniahidi kwamba Tabisa akiwahesabu wafungwa vizuri asubuhi ya kwanza, mimi naondoka. Karatasi ya likizo ilikuwa mezani kwake, imebaki sahihi tu.

Wafungwa wanawake walikuwa kumi na mmoja. Walijipanga, nami nikasimama mwisho wa mstari. Tabisa akaanza kupita, anagusa mkono mmoja mmoja, na kila aliyeguswa akanong'ona jina lake. "Anastasie." "Saudah." "Jeanine." Hapo nikajua kwamba haoni kitu. Wale wanawake walikuwa wameshajua tangu alipoingia getini, wakaamua kumsitiri.

Nilipaswa kumhurumia. Nilimwonea wivu zaidi. Miaka minne niliwahesabu wanawake wale, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuninong'oneza jina.

Mkono wake ukafika kwenye wangu, ukasubiri. Ningesema "Ketura" tu, angenipita, na afande angetia sahihi. Nilifunga mdomo.

"Kumi na mbili, afande."

Afande Opio akaweka kalamu chini, akaja kumtazama machoni.

Tabisa alirudishwa Bwera siku hiyohiyo, na hakuitwa tena kazini. Mama yangu alizikwa Mahango Jumatano iliyofuata. Nilikuwa zamu.