Ulalo wa Koo

Shangazi alimbana kuku kwapani, Fundi akampima mguu. Alipima upana wa vidole vilivyotandazwa, kisha toka goti hadi ukucha, akachora alama kwenye kipande cha ubao na kuirudisha penseli nyuma ya sikio. Kuku hakufurukuta. Alikuwa mtetea mwenye adabu zake, na tangu asubuhi Shangazi alikuwa amemweleza kwamba fundi atakuja.

"Huyu alale juu," Shangazi alisema. "Mitetea wanapenda juu. Ila usimweke mtu chini yake, atamchafulia."

"Mtu?"

"Kuku."

Banda la zamani lilikuwa na mti mmoja tu, umepitishwa toka ukuta hadi ukuta, na kila magharibi palizuka vita. Wakubwa waliwadonoa wadogo, wadogo wakarundikana pembeni hadi wakakoseshana pumzi. Shangazi alikuwa hawezi tena kuvumilia zile kelele. Alitaka kila rika lipate pake. Vifaranga walioachwa na mama yao wawekewe ubao karibu na sakafu, nyuma ya wavu. Tembe, ambao hawajaanza kutaga, wapate ufito mwembamba, maana vidole vyao havijajaa. Kingo zote zipigwe msasa mpaka ziwe mviringo, kwa kuwa kuku hulalia kifua, na kona kali humtia kidonda.

"Na ule wa chini, mpana, usiohitaji kuruka, huo ndio ulalo wa koo."

"Koo?" Fundi alijishika shingoni. Yeye alikuwa mtu wa makabati na vitanda. Kwake kuku wote walikuwa kuku, na koo ni pale panapowasha ukinywa maji ya baridi.

"Koo ni kuku aliyetaga, akaatamia, akalea, akachoka. Miguu haimbebi tena."

"Mlete basi nimpime."

Shangazi aliangaza macho uani. Koo hakuwepo. Katika nyumba ile koo hakuwahi kudumu. Mgeni akibisha hodi tu, yeye ndiye anayetangulia sufuriani, kwa sababu mayai hatoi tena.

"Wewe tengeneza tu," alisema. "Mwenyewe atapatikana."

Fundi hakupenda kukata mbao bila kipimo. Alimtazama Shangazi alivyosimama, magoti yake yalivyovimba, mgongo ulivyoinama, nyayo zilivyopanuka kwa kusimama jikoni, akachora alama ya mwisho. Alidhani ndicho alichoambiwa.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa mwenye nyumba. Alikuja kumsaidia wifi yake alipojifungua mtoto wa kwanza, na msaada wenyewe haukuwa umekwisha. Mtoto yule sasa alikuwa anaoa. Maharusi waliahidiwa chumba kidogo cha nyuma, ambamo Shangazi alilala, na hakuna aliyesema yeye angehamia wapi.

Alimuuliza mdogo wake. "Tutaona," mdogo wake akajibu. Hilo ndilo jibu lililopewa pia bati linalovuja, na bati bado lilikuwa linavuja. Akamuuliza wifi. "Wifi yangu naye! Utakosa pa kulala humu ndani? Nyumba si yako?" Wifi alisema hivyo bila kuinua macho kwenye vitunguu.

Tangu hapo usingizi ulimpaa. Akiona godoro, hata la jirani lililoanikwa juani, moyo ulimwenda mbio. Sebuleni alipima kwa jicho nafasi kati ya kochi na kabati, akaona kwamba akijikunja ataenea. Wiki iliyofuata yakaletwa makochi mapya.

Fundi alimaliza kazi zake zote mbili siku moja. Kitanda cha maharusi kilipita mlango wa mbele, fito za kuku zikapita uani. Jua lilipozama kuku waliingia, kila mmoja akapanda pake, na kwa mara ya kwanza banda likawa kimya. Shangazi aliingia kuupapasa ule ubao wa chini. Ulikuwa laini. Akaukalia kidogo, aone. Nyayo zake zikajikunja zenyewe na kushika ukingo, magoti yakajipinda, na alipojitazama alikuwa amepungua kiasi cha kuenea vizuri, tena na nafasi ikabaki. Alisema moyoni apumzike kidogo halafu akapange vyombo. Alizinduliwa na jogoo, karibu kabisa na sikio.

Alitoka akiwa na umbo lake la kila siku, akakung'uta maranda kwenye kanga, akaenda kuwasha jiko. Wifi alikuwa bombani.

"Umelala bandani?"

"Nimepitiwa."

"Ukaenea?"

"Nimeenea."

"Afadhali," wifi alisema, akashusha pumzi ambayo hakujali kuificha, akaenda kutandika shuka mpya kwenye chumba kidogo.

Ikawa ndiyo desturi. Shangazi alilala vizuri, hilo hakulikana, lakini mchana wake uliharibika. Jua likianza kushuka tu alianza kupungua, na macho yakaingia kiwi kama ya kuku yeyote, kazi imekwisha au haijaisha. Kwa hiyo tangu alasiri alikuwa mbio mbio, akiuliza kila anayepita, "Saa ngapi sasa? Bado mapema?" Aliogopa kukutwa na giza mbali na banda. Jioni moja akakutwa kweli, akawa anaizunguka ndoo ya vyombo bila kuiona, mpaka bibi harusi alipokuja kumchukua kwapani na kumfikisha kwenye ubao wake. Baada ya hapo mwenye nyumba aliamuru chakula cha jioni kiliwe mapema, na watu walimsifu kwa kumjali dada yake.

"Dada amepata pake," alimwambia jirani mwenye cherehani.

Jirani aliuliza kama Fundi anapokea kazi nyingine, maana naye alikuwa na mama mkwe.

Ndipo wazazi wa bibi harusi walipokuja kumwona binti yao. Walifika bila taarifa, jua limeshatua. Nyumba ilihaha. Wifi alikwisha bandika maji, na huku anatafuta sahani zisizo na ufa alimwambia mkwewe, "Kimbia bandani, mwanangu, ulete yule mzito wa chini. Hao wengine wanataga." Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyozoea kusema kila wageni wakija.

Bibi harusi alipapasa gizani, akampata mzito wa chini, akamning'iniza miguu juu mpaka mlango wa jikoni, ambako mume wake alikuwa ananoa kisu. Shangazi alikuwa katika usingizi wake wa kwanza. Alitaka kusema, sauti ikamkwama kooni. Alipatwa na hofu ambayo hata kwa ajili ya chumba hakuwahi kuipata. Hatimaye ikamtoka, nyembamba.

"Mwanangu. Ni mimi."

Bibi harusi alimgeuza akamwangalia kwenye mwanga wa jikoni. "Ah! Shikamoo, Shangazi. Nisamehe, giza."

"Marahaba."

Alirudishwa kwenye ubao, akachukuliwa mtetea mwenye adabu zake. Wifi alilalamika kwa sababu ya mayai. Wageni walikula wakashiba, wakaulizia hali ya Shangazi, wakaambiwa hajambo, amekwenda kulala.

Kesho yake alasiri mwenye nyumba alimwita dada yake uani, wawe wawili tu. Haikuwa kawaida yake. Shangazi alikuja akijifuta mikono. Ni chumba, alijiambia. Ameona mwenyewe mambo yalivyo. Njiani toka jikoni alishapanga la kujibu: hata stoo anatosheka, hata pamoja na magunia ya mkaa, mradi pawe na mlango anaoufungua mwenyewe.

"Jana nimeogopa sana, dada," mdogo wake alisema, na kweli machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Ningejisikiaje mimi? Sikulala."

"Na mimi nilikuwa nataka tuzungumze," Shangazi alisema.

"Usiseme kitu. Nimeshapata dawa yake. Haitatokea tena."

Alitoa mfukoni utepe wa kitambaa chekundu. Alikuwa ameuchana kwenye shati lake mwenyewe, shati zima, lile la kwendea shughuli. Akapiga magoti mbele ya dada yake, akaushika mguu wake kwa upole, akaanza kumfunga juu ya kifundo, kama watu wanavyowafunga kuku wao wasichanganyike na wa jirani. Shangazi alitazama utosi wake, ulioanza kutoa mvi. Jua lilikuwa linashuka na mguu ulikwisha anza kupungua.

"Usikaze sana," alisema. "Asubuhi mguu unarudi."

Mdogo wake akalegeza kidogo.