Sifa Zilizotaka Kumponza Clelie

Mama yeyote aliyeitwa shuleni kuzungumzia mtoto wake, asome haya kabla hajavaa viatu. Earline Guidroz alivaa kwanza, tena vile vya kanisani, akaenda akapiga domo, na domo lile nusura limgharimu mtoto.

Mtoto wake, Clelie, ana miaka minane. Hasemi sana, ila miguu yake inasema kwa niaba yake. Akiona ndege mweupe, au maji yanayometa, au mlango uliosahauliwa wazi, ameshaondoka. Ukimwita hageuki. Na nyuma ya shule, ukishavuka uwanja wa kuchezea, kuna mfereji, na ndani ya mfereji kuna mamba, kama mifereji yote ya upande huu wa Louisiana. Kwa hiyo tangu aanze darasa la kwanza Clelie alipewa msaidizi, dada mmoja anaitwa Tessie, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa pale ambapo mkono wake unamfikia Clelie. Basi. Si kufundisha, si kuimbisha. Kufikia.

Sasa, msimu wa mvua uliopita Earline aliitwa kwenye kikao cha mpango wa Clelie, ile karatasi ya kila mwaka inayosema shule itamsaidiaje mtoto. Watu wa shule walikuwa wamekaa upande mmoja wa meza, wote wanacheka naye, na Bi Corley, msimamizi wa elimu maalumu, akamuuliza kwa sauti tamu kama sharubati, "Haya mama, nyumbani Clelie anaendeleaje?"

Wewe ungejibu nini? Kwa kina Guidroz mama hamsemi vibaya mwanawe mbele ya wageni. Ng'ombe haelemewi na nundu yake. Earline akajibu kama alivyolelewa.

"Mbona vizuri sana! Anavaa mwenyewe, anakula mwenyewe. Njia ya kwa bibi yake anaijua, anatembea kama mtu mzima!"

Hakusema kwamba hiyo njia anaitembea na mtu anamshika kwapa. Nani angesema? Wale wakafurahi, wakaandika. Earline akarudi nyumbani amevimba kichwa.

Karibu na Mardi Gras, ile sikukuu yetu ya kabla ya Kwaresima, ikaja taarifa kutoka shuleni. Kwa kuwa Clelie amepiga hatua kubwa mno, kikao kijacho kitajadili kumwondoa Tessie.

Earline aliisoma akiwa amesimama, akaimalizia akiwa ameketi sakafuni.

Mume wake yuko baharini kwenye mtambo wa mafuta, simu huko inashika inapotaka. Kwa hiyo alimpigia Bi Verlie Metoyer, mama mmoja anayesaidia wazazi wenye watoto kama hawa. Yeye mwenyewe amelea wa kwake hadi akawa mtu mzima. Bi Verlie alikuja Jumamosi, akakuta gambo, ule mchuzi wetu mzito, liko jikoni, akasahau kilichomleta mpaka bakuli la pili.

"Haya," alisema akijifuta mdomo. "Kosa lako dogo tu. Ulimsifu."

"Sasa nimtukane mwanangu?"

"Usimtukane. Useme ukweli. Siku yake mbaya kuliko zote ikoje? Hiyo ndiyo uwasimulie. Msaidizi hapewi mtoto kwa siku zake nzuri."

Pale mezani alikuwepo pia mama mkwe, Bibi Azema, anamenya kamba na kusikiliza kila kitu. Akatupa ganda kwenye beseni kwa nguvu.

"Wewe mama, kwenu hakuna haya? Mjukuu wangu aanikwe mbele za watu kama samaki?"

"Mama, ni kwa ajili ya—" Earline alianza.

"Sisi kina Guidroz hatuombi! Babu yake Clelie alijenga nyumba hii kwa mkono mmoja."

"Mkono wa pili ulikuwa na nini, bibi?" Bi Verlie aliuliza.

"Chupa ya bia," alisema Bibi Azema, na hapo wote watatu wakacheka, hata yeye, ingawa aliwahi kujirudi. "Lakini nyumba si imesimama?"

Bi Verlie alimweleza Earline mambo, na mengine nayaweka hapa maana yatakufaa. Una haki ya kwenda na mtu wako, yeyote anayemjua mtoto. Wakikataa kitu, waambie waandike kwa nini. Na wakikusogezea karatasi ya kutia saini, hulazimiki kuitia hapo hapo. Ibebe, ukaisome nyumbani na akili yako.

"Kama anaruhusiwa kwenda na mtu yeyote, basi ninakwenda mimi," alisema Bibi Azema.

Bi Verlie akamtazama Earline. Earline akatazama dari. Ungemkatalia wewe?

Siku ya kikao walikwenda wote watatu, na mezani kulikuwa na keki ya Mardi Gras, ile yenye sukari ya zambarau, kijani na dhahabu. Ogopa keki, mama mwenzangu. Si kwamba wana nia mbaya, la hasha, ni watu wema, na hapo ndipo penye hatari. Mtu mbaya unabishana naye. Mtu aliyekukatia keki utaanzaje?

"Clelie ametufurahisha mwaka huu," alisema Bi Corley. "Ametulia, anajiweza. Tunaona sasa aachwe ajitegemee. Msaidizi akimganda kila saa atakua vipi?"

Mwalimu wa darasa akaitikia kwa kichwa. Bi Verlie akamgusa Earline kiwiko. Zamu yako.

Earline alikuwa amejiandaa. Njia nzima alijisemea garini: siku mbaya, siku mbaya, siku mbaya. Siku ile alipofungua mlango wa gari kwenye taa nyekundu. Siku ile alipotoroka kwenye harusi. Akafungua mdomo, na nyuso zote zile zilizojaa tabasamu zikamgeukia, na pembeni yake mama mkwe ananusa kwa pua kama paka aliyesikia panya.

"Kwa kweli," alisema, "anaendelea... vizuri."

Bi Verlie akafumba macho.

"Tunafurahi kusikia," alisema Bi Corley, akaanza kuandika.

Picha zikamjia Earline kichwani. Alimwona Tessie akichukua mkoba wake na kwenda kutafuta kazi dukani. Aliuona uwanja, akauona uzio, akayaona maji. Na kalamu ya Bi Corley bado inaandika.

Aliyeokoa siku ni Bibi Azema, na wala hakukusudia. Yeye alikuja kumsifu mjukuu, na mpaka sasa hakuna aliyempa nafasi.

"Vizuri tu?" aliruka. "Hebu nyie! Mtoto yule ana akili ya ajabu. Baba yake ameweka komeo tatu mlangoni, anazifungua zote. Ile ya juu anapanda kiti!"

Kalamu ya Bi Corley ikasimama.

"Anafungua komeo?"

"Tena kimya, humsikii! Na mbio? Ohoo! Juzi tuko kanisani, wimbo haujafika kiitikio, keshatoka. Mashemasi wawili wakamfuata, vijana wenye nguvu zao, wakamkosa! Tulimkuta kwenye gati, ananawa miguu majini. Hakuna mtu katika shule hii anayeweza kumkamata mjukuu wangu. Hayupo!"

Mwalimu wa darasa aliweka kipande chake cha keki chini polepole.

Na hapo Earline akaelewa. Mtu anaweza kupita mlango huo huo aliokuwa akiugonga, ila kwa upande mwingine. Kumtukana mwanawe hakuweza. Kumsifu? Kumsifu alizaliwa nako.

"Mama anasema kweli," alidakia, na sauti yake ikatoka nene. "Na hajasema hata nusu. Clelie hachoki. Mimi naishiwa pumzi kwenye sanduku la barua, yeye ameshafika barabarani. Haogopi lori. Haogopi mbwa. Mamba haogopi, alitaka kumpa mmoja biskuti."

"Biskuti ya siagi," alisisitiza Bibi Azema.

"Na gari likiwa linatembea anajua kufungua mlango. Ana vidole vyepesi, mwanangu. Na hata umwite kwa kipaza sauti hageuki, maana akishaamua ameamua. Ni mtoto wa msimamo."

"Kama babu yake."

"Kama babu yake. Shuleni ametulia, ndiyo, nawashukuru. Ametulia kwa sababu Tessie amemshika mkono. Mwachieni muone sifa zake zingine."

Bi Verlie, ambaye kazi hii ameifanya miaka na miaka, alikuwa ameziba mdomo kwa leso na mabega yanamtikisika. Alipopata pumzi akasema, kwa upole kabisa, "Bi Corley, tunaomba hayo yote yaandikwe kwenye mpango. Na kama shule bado inaona aondolewe, tunaomba na sababu yake iandikwe, hapo chini yake."

Bi Corley alitazama alichoandika. Alitazama dirishani, kule uwanja ulikoishia na mfereji ulikoanza. Si mjinga yule, wala hana roho mbaya. Alikuwa ameambiwa jambo moja, sasa ameambiwa lingine.

"Mbona mwaka jana hamkusema?"

"Mliuliza anaendeleaje," alisema Earline. "Hamkuuliza anaendelea kwenda wapi."

Wakanong'onezana upande ule wa meza. Mwishowe Bi Corley akasema msaidizi atabaki, siku nzima, darasani na uwanjani, na kwamba mpango mpya wataupeleka nyumbani ausome kwanza. Earline, Mungu amsamehe, furaha ilimpanda ulimi ukaanza tena kuwasha. "Ila kusema kweli siku hizi ametulia kidogo, hata—"

Bi Verlie alimkanyaga mguu chini ya meza, akabonyeza.

"Hata kidogo," alimalizia Earline.

Walipotoka nje darasa la Clelie lilikuwa linaingia uwanjani. Bibi Azema alikuwa bado ananuna kwamba hawakumwachia aeleze jinsi mtoto anavyoimba. Wamesimama pale ngazini, Earline anatafuta funguo za gari, korongo mweupe akatua juu ya uzio.

Clelie hakupiga hata kelele. Alikuwa anasukuma bembea, na sekunde iliyofuata alikuwa ni mgongo tu na nywele, anakata majani kuelekea maji. Funguo zilianguka. Earline alijua toka pale hatamfikia, alijua kabla hajainua mguu.

Tessie alikuwa hatua moja nyuma ya Clelie. Akanyoosha mkono, akashika ukosi, wakazunguka wote wawili kama watu wanaocheza dansi, wakaangukia majani, na Clelie akacheka. Korongo akaruka zake.

Bi Verlie aliokota funguo.

"Mmeona mbio zile?" alisema Bibi Azema, lakini sauti ilikuwa imemkauka, na alikuwa ameshika mkono wa Earline kwa nguvu hadi pete inamuumiza.

"Tumeziona, mama," alisema Earline. Hakutoa mkono wake. Wakakaa ngazini hapo hapo, na nguo zao za kanisani, mpaka kengele ilipolia na Tessie akamwingiza mtoto ndani.