Kifuniko cha Boksi la Samaki

Mke wangu alipofariki, watu wa ukoo wake hawakuniuliza amekufaje. Waliniuliza picha yake iko wapi.

"Mkwe, tunataka picha ya Dufie ya kuweka kwenye bango la msiba," alisema Opanyin Boahen, mjomba wake, ambaye ndiye mkuu wa ukoo wao. "Alhamisi nataka mabango yawe yameshabandikwa mpaka stendi ya Kumasi. Wewe ndiye mwenye studio, hatuna haja ya kukufundisha kazi."

Nikasema nitaileta. Ilikuwa Jumatatu, na picha sikuwa nayo.

Kwetu Waasante mke ni wa ukoo wake, hata ukae naye miaka ishirini na sita. Mume analeta jeneza, anavaa nyeusi, anaonyeshwa kiti cha kukaa. Mengine yote yanaamuliwa na mkuu wa ukoo, na huyo akishaamua haulizwi. Nilijua nisipoleta picha atachukua kadi ya Dufie ya kupigia kura. Pale waandikishaji walimsimamisha juani, wakampiga taa ya kamera usoni kama wanampiga kofi, na Dufie wangu akatoka amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa wizi. Serikali ilimpiga picha mara moja tu, na hiyo moja ikamharibu. Halafu vijana wa mabango wanakikata kile kichwa na kukipachika kwenye mwili wa mwanamke mwingine aliyevaa kente, kile kitambaa cha fahari. Wanafanya hivyo kila wiki. Sikutaka azikwe na mwili wa mtu mwingine.

Mtu atauliza: mpiga picha anakosaje picha ya mke wake? Nami nilijiuliza hivyo siku nne.

Picha ya ndoa ilikwenda na mafuriko, kwa sababu ya mtaro ambao kila diwani anaahidi kuuchimba na hakuna aliyewahi kuleta hata koleo. Picha ya kwaya ya kanisa, Dufie yuko nyuma, nusu ya uso imefunikwa na kilemba cha mwenzake. Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, haina kamera. Mtoto hatukujaliwa. Na studio yenyewe, ile studio ya chumba cha mbele ambayo mji mzima umepita, yeye hakuwa mtu wa kukaa kwenye kigoda kama mteja. Alikuwa mwanga.

Nasema mwanga kwa maana ya kazi. Taa za studio wanazouza Kumasi sikuziweza. Nilichukua beseni la bati la kufulia, nikalibandika ndani karatasi za kung'aa za maboksi ya sigara, nikafunga balbu mbili katikati na kulining'iniza kulia kwa mteja. Mbele yake nikatundika kipande cha bafta ili mwanga usikwaruze. Nyuma ya kigoda, kopo la maziwa lenye balbu ndogo ya kuchora ukingo wa mabega. Lakini upande wa kushoto wa uso ulikuwa unabaki giza. Nilihangaika nao mwezi mzima. Nilijaribu kioo, kikachoma. Shuka halikutosha.

Dufie alikuwa anauza samaki wa barafu. Siku moja alipita na kifuniko cheupe cha boksi lake la povu la kuwekea samaki, akasimama kushoto kwa mteja akitaka kuniuliza habari ya chakula, na shavu lile likawaka taratibu, kama mtu ameamka.

"Usiondoke hapo," nikamwambia.

"Fufu inaungua."

"Iungue."

Fufu haikuungua, lakini tangu siku ile hakuondoka. Mteja akija anafuta mikono, anashika kifuniko, anasimama kushoto. Nilikuwa nasema tu, "Mpe shavu," naye anakiinamisha kidogo. Alikuwa anajua nyuso kuliko mimi. Alisema, "Ngozi yetu inataka mwanga uizunguke. Ukiipiga inakasirika." Kile kifuniko kilinuka samaki hata ukioshe na ndimu, na wateja walimtania.

"Dufie, nitatoka kwenye picha nanuka kibua."

"Afadhali wewe, Mama Pokua. Wengine nawashikia hiki kitu wanatoka wanafanana na kibua."

Mama Pokua, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa mteja wetu wa kila Pasaka. Alicheka mpaka nikaharibu picha mbili.

Kulikuwa na kasoro moja tu katika kazi yangu, na ilinikera miaka yote. Wateja wangu hawakutazama kamera sawasawa. Macho yalikuwa yanakwenda kushoto kidogo. Nilikuwa nawafokea: "Nitazameni mimi!" Wanatazama, halafu nikibonyeza, macho yameshahama.

Kabla mteja hajakaa, Dufie ndiye aliyekaa nikajaribia taa. Mara mbili, mara tatu, kila siku ya kazi. Nadhani nilimpiga mara elfu kumi. Lakini kadi ya kamera ilikuwa moja, ndogo, ya kizamani, na kila Jumamosi nilifuta majaribio ili wateja wapate nafasi. Nilimfuta kwa kidole gumba changu hiki.

Alipotimiza miaka hamsini alisema, "Mzee, Ijumaa nitakaa na mimi." Alishona kitambaa cha buluu chenye ndege weupe. Ratiba ya umeme ilikuwa imebandikwa ukutani, ina muhuri na saini ya mkubwa: mtaa wetu, Ijumaa, umeme upo kutwa nzima. Saa tisa mchana akakaa kwenye kigoda, kifuniko nikakiegemeza kwenye kiti upande wa kushoto. Nikainua kamera. Umeme ukazimika.

Watu wa umeme wana ofisi yenye kiyoyozi na jenereta, wao hawajui saa tisa ya Ijumaa ni kitu gani. Tukasubiri. Akasubiri na kitambaa chake mpaka jua likapungua, kisha akavua, akaenda kukaanga samaki. Nikamwambia tutapiga wiki ijayo.

Wiki hiyo ikapita, na nyingine. Wiki ya tatu alianguka jikoni. Presha. Hospitalini nako ratiba ya umeme ilikuwa na saini, na umeme haukuwepo. Jenereta lipo, mafuta hayapo. Ya mafuta anajua mganga mkuu, na mganga mkuu yuko semina. Muuguzi alimtafuta mshipa kwa tochi ya simu. Nikataka kumwambia aisogeze tochi ile, aiweke pembeni, asimmulike machoni. Hiyo ndiyo taa ya mwisho iliyompata.

Kwa hiyo Jumatatu ile, baada ya Opanyin kuondoka, niliwasha kompyuta yangu kuukuu na kufungua picha za wateja moja moja. Nilidhani labda aliwahi kuingia pembeni kwa bahati mbaya. Nikapata vidole vyake, mara nyingi, kwenye ukingo wa picha, vimeshika kifuniko. Kucha nilizitambua. Jumanne nikapata kiwiko. Mpaka usiku wa Jumanne sikuwa nimepata uso wake.

Jumatano asubuhi nilikuwa kwenye picha ya Mama Pokua ya Pasaka iliyopita. Nikaivuta karibu nione kama ukungu wa machoni mwake unarekebishika. Kwenye mboni kulikuwa na duara dogo jeupe, lile beseni. Hilo kila mpiga picha analijua, ndiyo roho ya jicho. Lakini kando ya duara kulikuwa na mstatili mweupe, na juu ya mstatili kitu cha mviringo, cheusi, kimefungwa kilemba.

Nikavuta zaidi. Alikuwa yeye.

Nikafungua picha nyingine, ya bwana harusi. Yumo. Ya mtoto wa kipaimara. Yumo. Fundi viatu, mchungaji, hata diwani wa mtaro. Kwenye kila jicho la mji huu amesimama na kifuniko chake cha samaki, amekiinamisha kidogo.

Nilimkimbilia Ebo, kijana anayechapa mabango, nikiwa na picha ya Mama Pokua.

"Mkuze huyu," nikamwambia. "Huyo aliye ndani ya jicho."

Ebo alivuta, akavuta, mpaka jicho likawa vibao vya rangi. "Baba, hapa pana nukta sita."

"Ndiye Dufie."

"Naamini, Baba. Lakini nukta sita sina pa kuzibandika." Alinitazama kwa huruma, na mimi huruma ya vijana siiwezi. "Opanyin ameshaleta kadi ya kura. Tangu jana. Alisema wewe utachelewa."

Yaani aliniomba Jumatatu, Jumanne akapeleka kadi. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyokuomba.

Nilimwendea nyumbani kwake. Alikuwa anakula.

"Opanyin, hebu tazama hapa."

Akatazama. "Ni jicho la Pokua."

"Ndani yake."

"Mkwe, kaa chini ule. Unataka watu waje msibani kumlilia Dufie, wakute jicho la Pokua, ambaye yu hai na bado ananisalimia kwa kiburi? Ukoo utachekwa."

"Na mwili wa mwanamke mwingine, huo hautachekwa?"

"Kente ni kente," akasema, akanawa mikono. "Miaka ishirini na sita unaye ndani, mpiga picha mzima, huna picha hata moja. Sasa nani wa kulaumiwa, mimi?"

Alhamisi mabango yakabandikwa. Juu wameandika MSHTUKO ULIOJE. Chini yake kichwa cha kadi ya kura kimekaa juu ya mabega manene yenye dhahabu. Yeyote anayejua kazi ataona: shingo imepata mwanga kutoka kushoto, uso umepata kutoka mbele. Watu hao wawili hawakuwahi hata kuwa chumba kimoja. Niliketi kwenye kiti changu chini ya turubai siku nzima ya mazishi, nikipewa pole na watu, na macho ya kila aliyeniinamia nilikuwa nayachungulia.

Wiki mbili baadaye Mama Pokua akaja kunipa pole ya faragha. Nikamwonyesha jicho lake. Hakuniambia ni nukta. Alivaa miwani, akaisogelea picha.

"Siku hii alikuwa ananikonyeza," akasema.

"Nani?"

"Dufie. Wewe ukisema tutazame kamera, yeye anakonyeza, au anatoa ulimi, au anakuiga unavyokunja uso. Nani angekutazama wewe, Damoah? Una uso wa mtu anayedai kodi. Sote tulikuwa tunamtazama yeye."

Nilicheka kidogo. Halafu nikashindwa kuendelea.

Kuna neno nimeliruka, na kwa kuwa nimeandika mpaka hapa nitalisema. Ijumaa ile umeme ulipozimika, Dufie hakunyamaza. Aliinuka, akasogeza kigoda mwenyewe mpaka dirishani. Saa tisa jua linaingia pale limechujwa na mwembe wa jirani, laini kuliko bafta yoyote. Akakaa. Uso wote ulikuwa na mwanga, kulia na kushoto, bila mtu wa kushika kitu.

"Piga hapa hapa, Mzee," alisema. "Mbona panatosha."

Nikamwambia dirishani ni pa picha za pasipoti. Nikamwambia yeye nitampiga kwa taa zote tatu, kama mtu mkubwa, asubiri umeme. Kamera ilikuwa shingoni. Alikaa pale karibu saa nzima akiangalia nje, nami nikiangalia balbu.

Watu wa umeme nitawalaani mpaka nife, na mganga mkuu, na diwani. Lakini dirisha halikuwa lao.

"Nipige picha," akasema Mama Pokua. "Nimekuja na hela na nimevaa."

"Sina wa kushika kifuniko."

"Kiegemeze."

Nikakiegemeza kwenye kiti. Bado kinanuka. Nikawasha beseni na kopo la maziwa; siku hiyo umeme ulikuwepo. Shavu la kushoto lilipata mwanga nusunusu, maana kiti hakijui kuinama.

"Tazama kamera, Mama," nikasema.

Akajitahidi. Nilipobonyeza, macho yakaenda kushoto, pale kwenye kiti.