Alama za Mama

Fundi cherehani alikuwa na tundu kwenye moyo na fomu mkononi, na kati ya hivyo viwili, fomu ndiyo iliyomtia kichefuchefu.

Nafasi za upasuaji zilikuwa sita, wagonjwa arobaini. Wakubwa wa hospitali, sijui nani aliwaroga, wakaamua kuwapa wale watakaoishi miaka mingi wakishapona. Watawajuaje? Eti utafiti umeonyesha kuwa watoto wa wazazi waliosoma huishi zaidi. Basi mzazi aliyefika chuo alimpa mwanawe alama kumi, asiyesoma, sufuri. Na mzazi aje mwenyewe, atie saini mbele ya karani. Upuuzi mtupu! Mama wa fundi, aliyesimama naye foleni, alifua mashuka ya wagonjwa hapohapo hospitalini miaka thelathini ili bintiye asome, ale, atibiwe, na kumbe kwa hesabu zao hakumwongezea hata siku moja.

Karani, bwana mmoja nadhifu anayenukia manukato, aliinama dirishani na kumnong'oneza binti aandike kwamba mama alisoma chuo cha ualimu. Wote wanaandika hivyohivyo, alisema, nani atakagua? Ila saini isiwe ya kuungaunga.

Binti akakataa katakata. Mama yake si aibu ya kufichwa, alisema, tena kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Afadhali afe na moyo wake mbovu kuliko kumkana aliyemzaa.

Mama akaichukua fomu mkononi mwa bintiye. Alimwachia karani ajaze uongo wake, akaichukua kalamu, akatia saini moja ndefu yenye madoido, bila kusita. Binti akabaki mdomo wazi. Ilikuwa saini ya muuguzi mkuu, aliyoitia kila asubuhi kwenye daftari la mashuka, mama, dobi wao, akiwa amesimama mbele yake akisubiri.

Karani akaitazama. Chuo chenyewe alikiandika yeye, kwa mkono wake mwenyewe, lakini akainuka kitini na kukisogeza mbele ya mama.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu ukae."

Tangu waingie hakuwa amemsalimia. Binti akanuna, akageuza uso.

"Marahaba," mama akajibu, wala hakukaa. Akamshika bintiye mkono. "Usinune, mwanangu. Wewe pona kwanza, kisha tutarudi hapa tuwatemee mate pamoja."