Tabaka la Kijani

Saa mbili asubuhi Akelo alizitoa brashi zake kwenye kopo la mafuta ya taa, akazikung'uta, akazipanga juu ya gunia kuanzia nyembamba hadi pana. Kisha akavaa helmeti ya bodaboda, akafunga mkanda wa kidevuni, akaanza kukwangua mtumbwi wa Chenge.

Mafundi rangi wote wa mwalo ule wa wavuvi, upande wa Pasiansi, huvaa helmeti. Kila tabaka la rangi hutunza vipigo vilivyopigwa ndani ya mtumbwi wakati lenyewe likiwa juu. Likikwanguliwa, huviachia, na vinampata anayekwangua. Mitumbwi mingi hutoa makofi mawili matatu. Wa Chenge ulikuwa na sifa yake.

Rangi ya bluu, ya mwaka jana, ilimpa Akelo ngumi nne za mbavu na teke la paja. Alikaa juu ya ndoo mpaka pumzi ikarudi, akanoa chuma chake cha kukwangulia, akaendelea. Nyeupe ilimtoa jino. Alilitema, akalisukuma mchangani kwa kidole cha mguu.

Chini ya nyeupe kulikuwa na kijani.

Kijani hicho alikipaka kaka yake, Otuoma, miaka mitatu nyuma, kwa brashi hiyohiyo pana ambayo sasa ilikuwa ya Akelo. Rangi ilipokauka, Otuoma aliingia ziwani na mtumbwi huo kama mvuvi wa Chenge, na hakurudi. Chenge alisema alilewa, akateleza, akazama. Mwili haukuonekana. Kwao Rorya walizika tunda la mwegea badala yake, kama ilivyo desturi, lakini mpaka leo mama yao alikuwa akiuliza mwanawe alikufaje.

Akelo alivua helmeti.

"We mama, vaa hiyo kitu," alisema Getruda, aliyekuwa akianika dagaa jirani. "Chenge hapigi kama anabembeleza mtoto."

"Nataka kuhesabu vizuri."

Kasia la kwanza lilimpata begani, kutoka nyuma. La pili, sikioni. La tatu lilimpasua juu ya paji la uso, akaanguka kifudifudi kwenye magamba ya rangi. Alifuta damu machoni, akashika ukingo wa mtumbwi ili ainuke. Hapo kikaja kisigino juu ya vidole vya mkono wake wa kulia. Mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka akaachia.

Alibakiza kipande cha kijani sawa na kiganja, akamtuma Getruda amwite Malimi, mwenyekiti wa mwalo. Malimi alikuja na Chenge. Walikuwa wanatafuna muwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepasuka."

"Kwangua hapo."

Malimi alikwangua kwa kucha. Kofia yake iliruka hadi majini.

"Kasia," alisema, akishika taya.

"Hilo la nne," alisema Chenge. "Hilo lilimkosa. Liligonga ubao."

"Na kisigino?" aliuliza Akelo.

"Hakutaka kuachia, dada. Mtumbwi ulikuwa unalala upande."

Malimi alifikiri kidogo. "Kitabu cha mwalo kimeandikwa alizama. Alizama, hakuzama?"

"Alizama," alisema Chenge.

"Basi kitabu hakijakosea." Akatema makapi ya muwa. "Piga vanishi mara tatu, mama. Isije ikaumiza watu."

Akelo alimpigia simu mama yake, akamweleza kwa utaratibu: bega, sikio, kichwa, vidole. Akataja na kasia lililomkosa.

"Lilimkosa?" aliuliza mama.

"Lilimkosa."

"Asante Mungu," alisema mama, akakata simu.

Alipaka kwa mkono wa kushoto, nyekundu safari hii, kisha vanishi, akingoja kila tabaka likauke. Siku ya nne Chenge na wavuvi wake walikuja kuusukuma mtumbwi majini wakati tabaka la tatu la vanishi lingali linanata. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, alilikanyaga akipanda. Chenge akampiga ngumi ya mdomo.

Akelo aliona vanishi ikitikisika pale chini ya miguu ya mzee huyo, kisha ikatulia, ikang'aa.

Mtumbwi ukaondoka. Akelo aliosha brashi pana kwa mafuta ya taa, akaiosha tena kwa sabuni, akanyoosha manyoya yake, akaifunga kwenye gazeti, akaitundika msumarini. Helmeti aliitundika juu yake, kwenye msumari uleule, mpaka mwakani.