Kitambaa cha Kulalia

Bosi alikuwa amenunua kishikwambi kipya, na kwa siku nne hakuna aliyeingia ofisini asisomewe sifa za prosesa yake, ule ubongo wa mashine. Eti kinafanya kila kazi ya kompyuta ya mezani, na unakishika kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kikombe cha chai.

Kama ilikuwa kweli, basi chumba cha nyuma kingegeuzwa stoo. Chumba hicho kilikuwa na meza moja, kompyuta moja na mama mmoja, mchora ramani aliyekalia kiti hicho miaka saba. Bosi hakusema mama huyo angekwenda wapi, naye hakuthubutu kuuliza. Tangu Jumatatu alikuwa hali akashiba.

Ijumaa saa tatu asubuhi wakakipambanisha kishikwambi na kompyuta hiyo. Kazi ilikuwa kugeuza ramani ya nyumba ya ghorofa kuwa picha kumi na mbili, kila chumba na mwanga wake dirishani na vivuli vyake sakafuni. Hesabu za mwanga huo ndizo zinazoitoa prosesa jasho. Bosi alisimama na saa mkononi na kalamu ya ubao sikioni, kama refa wa mechi aliyoiandaa mwenyewe.

Picha ya kwanza, kishikwambi kilitumia dakika sita. Kompyuta ya mezani, kumi na nne. Ya pili, sita tena, na ile ya mezani kumi na tano. Bosi aliziandika dakika hizo ubaoni bila kutamba, na hapo ndipo mchoraji alipoogopa, maana mtu wa kutamba akiwa mpole ujue ameshaamua.

"Mama, si umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

Bosi akasema zilizobaki ni za kukamilisha tu, akaenda chumba cha mbele kumpokea mteja.

Mchoraji akabaki na kompyuta yake. Feni ilikuwa ikinguruma, na yeye alikuwa anaona aibu kwa niaba yake, kama mzazi ambaye mtoto wake kashika mkia. Akampigia simu mama yake. Alitaka kumwandaa mapema, asije akazisikia habari kwa watu. Lakini hata hajafika kwenye lenyewe, mama alimkatiza.

"Nani huyo anahema hivyo karibu yako?"

Akamjibu kwamba ni kompyuta tu. Mama yake, ambaye alikuwa amelea watoto sita na hakuwahi kugusa kompyuta, akauliza kile kitambaa cha kuifunikia alichomfumia miaka miwili iliyopita kiko wapi. Mchoraji akajibu kwa fahari kidogo kwamba kipo, kimelifunika kasha lote, kimeshuka mpaka nyuma kikaficha zile nyaya mbaya, na hakivuliwi ila siku ya kufuliwa.

"Mwanangu," mama akasema, "mimi nilikufumia cha kulalia. Nani alikuambia ishinde nacho?"

Mchoraji akakivuta kitambaa. Joto likampiga usoni kama la sufuria iliyofunuliwa. Nyuma ya kasha, matundu ya kutolea hewa yalikuwa yamezibwa na nyuzi zilezile za mama yake, zimeshikana na vumbi zikawa blanketi. Akachukua brashi anayofagilia vumbi la kifutio, akayasafisha.

Picha ya tatu ikachukua dakika kumi na moja. Ya nne, tano. Ya tano, nne. Bosi aliporudi alidhani saa yake imekwama. Akakigeukia kishikwambi chake: saba, tisa, kumi. Alipokishika alikiachia upesi, kilikuwa cha moto. Kumbe kilikuwa hodari wa mbio fupi tu, na hizi zilikuwa ndefu.

"Umeifanya nini hii?" aliuliza.

Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini akakinyanyua kitambaa, akaeleza yote.

"Ni mimi niliyeikaba. Miaka miwili, Bosi. Wateja wamesubiri bure kwa sababu yangu."

Bosi alikitazama kile kitambaa, kisha akakitazama kishikwambi chake, kimevishwa jalada la ngozi nene alilolichagua mwenyewe. Akalivua polepole.

"Basi na chenyewe kivue koti. Twende sawa."

Kilipopoa kidogo kilishuka hadi dakika nane, lakini chini ya hapo hakikwenda. Ile ya mezani ilibaki kwenye nne hadi picha ya kumi na mbili. Bosi akafuta ubao. Akasema kishikwambi atatembea nacho kwa wateja, wachague rangi na madirisha palepale, ila kazi nzito haiondoki chumba cha nyuma.

"Na wewe huondoki," akaongeza.

Mchana huo mchoraji alikula sahani mbili.

Saa kumi na moja jioni aliizima kompyuta, akangoja feni inyamaze kabisa. Akaligusa kasha kwa mgongo wa mkono, kama mama yake alivyokuwa akimpima homa. Lilikuwa limepoa. Hapo ndipo alipokikung'uta kile kitambaa, akalifunika.